Chozi: mdomo kwanza, rangi baadaye

Naivasha, saa moja asubuhi. Jua liko chini na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, wote wanaonekana weusi tititi. Anayetegemea rangi za kwenye kitabu hapa hukwama. Ule mng'ao wa manyoya yao hautokani na rangi, ni muundo wa unyoya unaorudisha mwanga, na ndege akigeuka kidogo tu unazimika. Jua liwe mgongoni mwako. Ukilielekea utajaza daftari uongo.

Ndiyo maana naanza na mdomo. Chozi bawa-dhahabu mdomo wake umepinda kama mundu, na kingo za mbawa na mkia ni za manjano, kwa dume na jike pia. Huyo hata ukungu haumfichi. Chozi shaba na chozi malakiti midomo yao imepinda kiasi, na madume wote wawili wana manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Mwili wa malakiti ni kijani mpaka tumboni. Tumbo la shaba ni jeusi. Tabu ni majike. Jike wa shaba ana tumbo la manjano lenye michirizi. Nikikosa kuiona michirizi hiyo, naandika "chozi jike" na kufunga daftari.

Dume wa bawa-dhahabu hukaa juu ya kijiti karibu na Leonotis, ule mmea wa maua ya rangi ya machungwa yanayozunguka shina mafungu mafungu. Hapumziki bure, analinda shamba. Watafiti Frank Gill na Larry Wolf walipima jambo hili hapa Kenya, wakalichapisha mwaka 1975: maeneo wanayolinda yalitofautiana sana kwa ukubwa, lakini idadi ya maua katika kila eneo ilikaribiana, kama 1,600 hivi. Ua lisilofyonzwa na wageni hujaa mbochi, yale maji matamu ya ua, hivyo mwenyewe hushiba upesi. Mbochi ikizagaa kila mahali huacha kufukuza wenzake, kwa kuwa kufukuzana nako kunakula nguvu.

Chozi wa midomo mifupi wana ujanja wao: hutoboa ua refu kwenye kitako na kunywa bila kugusa chavua. Kagua maua yaliyoanguka, utaona kitundu.

Kiota anajenga jike: kifuko kinachoning'inia, mlango ubavuni, juu yake kibaraza kidogo, vyote vimeshonwa kwa utando wa buibui. Makinda hulishwa wadudu na buibui haohao.