Shirakawa-go: kiwanda chini ya paa la nyasi

Basi la kutoka mji wa Takayama, Japani, kwenda Ogimachi, kijiji kikubwa cha Shirakawa-go, hutumia kama dakika 50, na muda mwingi abiria haoni kitu ila taa za mahandaki. Handaki la Hida peke yake linakaribia kilomita 11, nalo lilifunguliwa mwaka 2008 tu. Zamani theluji ikishaanguka, bonde hili la mto Shogawa lilifungika, na wenyeji wakala walichoweka akiba.

Nyumba zenyewe huanza kuonekana kwa mapaa. Nyasi nene, mwinamo mkali wa nyuzi zipatazo 60, pande mbili zimekutana juu mithili ya viganja vya mtu anayesali. Mtindo huu Wajapani wanauita gassho-zukuri. Theluji haipati pa kukaa, hilo linaeleweka haraka. Lililonichukua muda kuliona ni kwamba karibu nyumba zote zimeelekea upande mmoja. Kuta zake za pembetatu zinatazama kaskazini na kusini, kufuata bonde, hivyo upepo hukuta ubavu mwembamba wa nyumba; nalo jua hulipiga paa upande mmoja asubuhi na wa pili alasiri, nyasi zikakauka sawasawa. Bruno Taut, msanifu majengo Mjerumani, alifika bonde hili mwaka 1935 na kuusifu ujenzi huu. UNESCO ilikuja baadaye sana, mwaka 1995, ikakiweka kijiji kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Niliingia katika nyumba ya Wada, iliyo kubwa kuliko zote kijijini. Unavua viatu, unakanyaga mikeka ya tatami, unapita irori, yaani jiko la shimo katikati ya sakafu. Hadi hapo ni nyumba ya tajiri wa shamba, safi na ya kupendeza. Panda ngazi sasa.

Darini hakuna vyumba. Ni ukumbi mmoja mrefu, na juu yake sakafu nyingine, imejaa pau zilizofungwa kwa kamba. Sikuona msumari kwenye kenchi. Fito laini, wanazoziita neso, husokotwa zikiwa mbichi na kuzungushwa kwenye maungio. Zikikauka hukaza zenyewe. Zile boriti kubwa za mshazari zimechongwa ncha upande wa chini na kukalishwa kwenye vitundu, si kukomewa, ili upepo ukivuma paa liyumbe kidogo bila kuvunjika. Fundi seremala alijenga sehemu ya chini. Paa waliliinua wanakijiji wenyewe, kwa mafundo waliyofundishwa na baba zao. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya nyumba hii, kupita hata umbo lake.

Nafasi yote ile ya nini? Ya viwavi wa hariri. Milima hii haina ardhi ya kutosha ya mpunga, kwa hiyo watu walipanda miforosadi, miti ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi hao, wakafuga viwavi darini, ambako joto la irori lilipanda kupitia mianya ya sakafu. Moshi nao ulipanda, ukapaka pau na kamba masizi, ukafukuza wadudu na kulinda nyasi zisioze. Wageni tunapiga picha za nyumba ya kale yenye utulivu. Ukweli ni kwamba kilikuwa kiwanda, na familia iliishi ghorofa ya chini.

Nyasi hudumu miaka 30 hadi 40, kisha paa lote linaezuliwa na kuezekwa upya. Kazi hiyo hufanywa kwa yui, kusaidiana kwa zamu, jambo ambalo Mpare angelitambua mara moja kuwa msaragambo. Mwaka 2001 nyumba ya Nagase iliezekwa hivyo, wakajitokeza watu kama 500. Lakini si nyumba zote zilizopata bahati hiyo. Bwawa la Miboro, lililokamilika mwaka 1961, lilizamisha vijiji vya juu ya mto. Nyumba ya Yanohara ilinusurika kwa kuhamishiwa bustani ya Sankeien, Yokohama. Mwaka 1971 watu wa Ogimachi wakawekeana mkataba wa maneno matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Moto ndio hofu yao kubwa, na mitambo ya kurusha maji imezunguka kijiji kizima.

Niliendelea na basi hadi Suganuma, katika eneo jirani la Gokayama, kijiji chenye nyumba 9 tu za gassho. Huko kuna makumbusho madogo ya shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Walichimba mashimo chini ya sakafu, karibu na irori, wakapanga udongo, majani na kinyesi cha viwavi tabaka kwa tabaka, wakaacha vioze kwa miaka kadhaa kabla ya kuchuja na kuchemsha. Mnunuzi alikuwa mtawala wa jimbo la Kaga, naye alifurahia siri kufichwa na milima. Familia ya Wada pia ilifanya biashara hiyo. Basi juu hariri, chini baruti, na katikati watu wanapika wali. Biashara ya shura ilidumu hadi enzi ya Meiji (1868–1912), shura ya Chile ilipoanza kuingia kwa bei ambayo mashimo ya Gokayama hayakuweza kushindana nayo.