Kando ya umati

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii nimekwama kwenye aya moja tu, Marko 7:33. Yesu ameletewa kiziwi mwenye utasi, na kabla hajafanya lolote anamtoa kwanza kwenye umati, wakabaki faraghani. Miaka yote nimeisoma habari hii nikikimbilia muujiza. Hapo pa kutolewa nilikuwa napita tu.

Aliyenisimamisha ni mtoto wa miaka kama saba, anayekaa na mama yake benchi la nyuma. Huvipanga vitabu vya nyimbo: vikubwa kushoto, vidogo kulia, migongo yote upande mmoja. Jumapili ile kipaza sauti kilipiga mluzi. Akaziba masikio, akajitupa sakafuni akilia kwa yowe. Watu tukageuka, nami nilikuwamo. Mmoja akanong'ona kwamba amedekezwa. Mwingine akasema aombewe, kuna kitu.

Mtoto yule ana usonji. Niueleze ninavyouelewa. Si ugonjwa wa kuambukizwa, si pepo, wala si utovu wa adabu. Ni ubongo uliokua kwa namna yake tangu mwanzo, na mara nyingi urithi una mkono wake hapo. Tukikaa ibadani, ubongo hutuchujia: feni, kikohozi, kiti kinachokwaruza, lebo ya shati shingoni, vyote husukumwa nyuma ili tumsikie mhubiri. Kwa wengi wenye usonji vitu hivyo havisukumwi; vinaingia vyote kwa pamoja. Sasa ongeza mluzi wa spika juu yake. Vile vitabu navyo, naona, ni kipande cha dunia kisichomshtukiza. Asipokutazama machoni, usidhani ni kiburi. Wapo ambao kutazama na kusikiliza kwa pamoja ni mzigo. Wapo wasiosema neno, na wapo wanaoweza kukusimulia jambo moja wanalolipenda hadi jua lizame.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Ukumbi wetu ukijaa, yumo.

Na mama? Mwaka 1943 daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu waliwabebesha akina mama lawama, ati ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Sayansi imeshalitupa wazo hilo. Sisi tumelibakiza kwa jina la laana. Wanafunzi waliuliza swali lilo hilo katika Yohana 9, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akajibu, si huyu wala wazazi wake.

Simsomi Marko nikitaka mtoto huyu aondolewe usonji wake. Mimi nimebaki kwenye ile hatua ya kwanza, ya kumtoa mtu kwenye kelele.

Nilimwendea mama yake kumwomba radhi, nikamuuliza wanahitaji nini. Nilitegemea aseme maombi. Alisema spika ya nyuma ipunguzwe, na kile chumba cha pembeni kisifungwe wakati wa ibada. Fundi mitambo alimaliza kwa dakika mbili.

Jumapili iliyopita mtoto alikuwa kwenye vitabu vyake. Nikamnyooshea changu bila kusema kitu. Hakuniangalia. Alikipokea, akakigeuza mgongo, akakiweka cha tatu kutoka kushoto.