Jumamosi ya Siku ya Kumi

Mwezi wa Oktoba 2018, mijakaranda ilipokuwa imemwaga maua yake ya zambarau barabarani kote Nairobi, nilikuwa na daftari la kuandikia joto la mwili wangu asubuhi, mchana na jioni. Mimi ni mtafiti wa udongo, na kwa miaka mingi nimejaza madaftari vipimo vya asidi ya mashamba. Saratani ya matiti iliponipata, niliona afadhali niupime mwili wangu kwa bidii ileile. Joto likifika 38, daktari aliniagiza, nisingoje kupambazuke, niende hospitali hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa ile dawa nyekundu niliyokuwa nikitundikiwa kila baada ya wiki tatu hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mwili.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa siku ya 10 tangu nitundikiwe dawa, siku ambazo chembe hizo huwa chache sana. Kwaya yetu, iliyokutana kila baada ya wiki mbili katika ukumbi wa kanisa karibu na Barabara ya Ngong, ilikuwa ikijifunza Requiem ya Kijerumani, kazi ya kwaya ya kuwafariji waliofiwa iliyotungwa na Mjerumani Brahms, na sikutaka kuikosa. Daktari alikubali kwa shingo upande: nikae kando ya mlango ulio wazi, nivae barakoa, nisimpe mtu mkono. Mama hakukubali niende peke yangu. Alikuja na chupa ya uji wa wimbi, akakaa kiti cha nyuma yangu.

Kitabu changu cha noti nilikuwa nimekinunua Leipzig, Ujerumani, nilikokwenda kwa mkutano wa watafiti kabla sijaugua. Ni katika mji huo, katika ukumbi wa Gewandhaus wa zamani, sehemu zote saba za kazi hiyo ziliimbwa pamoja kwa mara ya kwanza mwaka 1869. Ukumbi huo haupo tena. Nilisimama mbele ya ule wa sasa, uliofunguliwa mwaka 1981, nikiwa nimekumbatia kitabu changu kama mwanafunzi. Juu ya mistari ya sauti ya alto nimeandika solfa, zile do, re, mi, kwa penseli, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuimba tangu utotoni, na mpaka leo macho yangu huitafuta solfa kabla ya noti.

Siku hiyo tulifanya sehemu ya tano, ambayo Brahms aliiongeza baada ya nyingine kuwa zimeshaimbwa katika mji wa Bremen mwaka 1868, na ambayo wengi huihusisha na kifo cha mama yake. Mwimbaji mmoja wa soprano, sauti ya juu ya kike, huimba peke yake, na kwaya humwitikia chini kwa chini. Neno tunalolirudia ni *trösten*, kufariji. Nilikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, na kila nilipoitamka ile *r* baada ya *t*, kiliguswa palepale, hata nikaanza kuliogopa neno lenyewe kabla halijafika. Mwishowe nikafumba mdomo, nikawa nafuata kwa kidole tu.

Mama akainama sikioni mwangu. "Wanasemaje hapo, mwanangu?"

Nikamwambia ni maneno ya Isaya, sura ya 66, pale Mungu anapoahidi kuwafariji watu wake jinsi mama anavyomfariji mtoto. Akaimalizia aya yote kwa kunong'ona, mpaka Yerusalemu, kisha akanimiminia uji katika kifuniko cha chupa, akaupuliza yeye mwenyewe kabla ya kunipa.

Tulipokuwa kwenye teksi kurudi nyumbani aliniuliza kama mazoezi yajayo wataimba tena wimbo ule. Nilihesabu siku. Dawa ya awamu iliyofuata ingekuwa Alhamisi, na Jumamosi yake nisingeweza hata kuketi kitandani.

"Wataimba, mama, ila mimi sitakuwepo."

"Basi nitakwenda mimi," akasema, "nikirudi nikuambie walivyoimba."

Na alikwenda.