Siku moja na kuta za chokaa katikati ya Mwanza

Saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshapanda daladala kutoka Igoma, kwa sababu mvua za ukanda huu wa ziwa hupenda kunyesha usiku na alfajiri, nami hupenda kuona maji yamepita wapi kabla jua halijayafuta. Mimi ni msanifu majengo. Kwa sasa ninasimamia ukarabati wa jengo la ghorofa moja katikati ya jiji, ambalo familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India ililijenga wakati wa utawala wa Waingereza, baada ya reli ya kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928 na biashara ya pamba kupanuka. Chini palikuwa duka, juu makazi, na nyuma ua wenye kisima kilichokwisha kufukiwa.

Saa moja ninazunguka jengo. Paa halijavuja, ila mfereji wa upande wa magharibi umeziba kwa majani, na maji yamemwagikia ukutani. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka kwenye paa la mita za mraba 120 ni lita 120 za maji. Zikiingia kwenye tangi zitahudumia vyoo na usafi, zikimwagika ovyo zitakula msingi. Ninamwomba kijana mmoja apande kuusafisha mfereji kabla ya kazi nyingine yoyote.

Saa mbili mafundi wamefika. "Mwangaluka, Mzee," ninamsalimu kwa Kisukuma fundi mwashi mkuu, naye anaitikia huku akilowanisha magunia. Kazi ya leo ni ukuta wa mashariki, ambao mimi nauona kuwa ndio moyo wa mradi huu. Matofali yake ya kuchoma yalijengwa kwa udongo wa chokaa juu ya msingi wa mawe, na unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikuwa ukitoka taratibu kupitia lipu ya chokaa. Baadaye ukuta ukapigwa lipu ya sementi ili uonekane mpya. Sementi ni nzito na haipitishi unyevu kwa urahisi, kwa hiyo maji yakabaki ndani, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, na tofali likaanza kumomonyoka huku uso wa nje ukionekana mzima. Tunaibandua kwa tindo na nyundo ndogo, kipande kwa kipande, kwani ukitumia nguvu unang'oa na uso wa tofali.

Sehemu zilizokwisha kukauka zinapigwa lipu mpya, chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, kwa matabaka membamba. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa ukaa iliyomo hewani, tena polepole, na ikikaushwa na jua la mchana kabla ya wakati hupasuka. Ndiyo maana ya magunia yale mabichi yanayoning'inia mbele ya ukuta.

"Mzee, kwa sementi si tungemaliza Ijumaa?" kijana anauliza.

"Tungemaliza, mwanangu, kisha tungerudi kuibandua."

Saa nne tunakunywa chai kwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

Saa tano anakuja mwenye nyumba. Kuna mtu anayetaka kununua kiwanja, abomoe, ajenge ghorofa sita za vioo, na ndugu zake wanamshawishi akubali. Ninamweleza bila kumficha kwamba sheria peke yake haitalinda jengo hili: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo ya zamani zaidi ya hili, na yaliyojengwa baadaye hutegemea waziri ayatangaze. Kinachoweza kulilinda ni kodi ya pango. Ninamwonesha mahesabu ya maduka mawili chini na ofisi ndogo juu, kisha ninamkumbusha kwamba kuni zilizochoma matofali haya zilishateketea zamani. Kuyavunja na kununua sementi, nondo na vioo ni kulipa gharama hiyo mara ya pili, na mazingira nayo yalipe. Anaondoka akiwa hajaamua, lakini ameomba nakala ya mahesabu.

Saa nane tuko ghorofani. Boriti za mvule ni imara, isipokuwa ncha zilizoingia kwenye ukuta uliokuwa na unyevu, ambazo mchwa wamezila. Seremala anakata sehemu iliyoliwa tu na kuunga mbao mpya, na kiungo hicho tunakiacha kionekane. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza, nami ninalishika hilo: nakshi za kingo za roshani zilizopotea hatuna picha yake, kwa hiyo tunaweka mbao zisizo na nakshi. Nyaya za umeme zinapita kwenye mabomba juu ya ukuta, bila kuuchimba.

Kisha tunafungua matundu ya hewa yaliyo juu ya milango, ambayo yalizibwa kwa mbao. Upepo wa ziwani unapovuma alasiri, hewa ya moto iliyokaa chini ya dari ndefu inapata pa kutokea kuelekea uani. Chumba kinapoa bila kiyoyozi, na waliobuni hivyo wanastahili heshima yetu.

Saa kumi na moja jioni ninakutana na wapangaji wawili watarajiwa. Mkataba wa pango unakataza lipu ya sementi, rangi za plastiki na marumaru kwenye kuta za zamani, na unamtaka mpangaji asafishe mifereji kabla ya masika na vuli. Fundi cherehani amekubali yote. Mwenye mgahawa anataka marumaru jikoni, dai la haki kwa ajili ya usafi, kwa hiyo nimempendekezea ukuta mwembamba wa pili ulioachana na ule wa zamani kwa nafasi ya kupitisha hewa. Kesho ataleta vipimo vya majiko yake.