Nilivyoukataa mkorogo na bado nikabaki na wenzangu

Nilipokuwa kidato cha tatu hapa Ujiji, Kigoma, kundi letu la wasichana lilikuwa na sharti moja ambalo halikuwahi kutamkwa: uwe unajichubua. Mmoja wetu alirudi kutoka likizo kwa shangazi yake akiwa amewaka uso, tukamzunguka kumtazama, na kuanzia hapo gumzo likawa ni hilo tu, nani keshaanza kung'aa na nani bado. Hela ya chapati ikawa ya kuchangia kopo la mkorogo. Kopo lenyewe lilizunguka nyumba kwa nyumba ndani ya begi la shule, katikati ya madaftari, ili mama wa mtu asilione. Muuzaji alikuwa anaapa kwamba mzigo umevuka ziwa na ni wa ukweli. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku Tanzania, lakini sokoni hukosi mtu wa kukutolea kopo chini ya meza.

Mimi ni mweusi tii, kama baba na bibi mzaa baba. Bibi ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo. Baada ya kuniogesha alikuwa ananipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, mpaka nyuma ya masikio, kisha ananigeuza huku na huku kunitazama, anasema, "Sasa mjukuu wangu umetakata." Kwa hiyo rangi yangu niliipenda kabla sijajua kwamba kuna wasioipenda.

Wazazi wengi wakisikia shinikizo la rika wanadhani ni mtu kushikwa mkono na kulazimishwa. Mimi hakuna aliyewahi kunilazimisha. Ilikuwa ni picha inapigwa naambiwa, "Shosti, kaa pembeni kidogo, unatia giza." Ilikuwa ni kuitwa Mkaa, tena kwa sauti ya upendo kabisa, ili nikinuna nionekane mimi ndiye mwenye hasira za bure. Ilikuwa ni kukuta wamekwenda kutembea Mwanga, mjini Kigoma, bila mimi. Ukiwa na miaka kumi na sita, kuachwa nyuma siku ya Jumamosi ni jambo zito, na mtu mzima anayekwambia "achana nao" anakuwa amesahau kwamba hao ndio unaokaa nao darasani, unaorudi nao nyumbani na unaoswali nao.

Sikutaka kuachana nao. Niliwapenda. Nilichokuwa natafuta ni namna ya kubaki nao nikiwa na ngozi yangu.

Jambo la kwanza, niliacha kujibizana mbele ya kundi. Wakiniuliza nilisema, "Mimi sipaki, ila sina neno na nyie," basi, nikahamisha mazungumzo. Niliona mapema kwamba wakiwa wote pamoja, hata yule mpole hawezi kukubaliana nami, kwa sababu macho ya wenzake yako kwake. Jambo la pili, nilikwenda kwa mwalimu wetu wa baiolojia nikamuuliza weusi ni nini hasa. Akanieleza habari za melanini, kwamba ni kinga ya ngozi dhidi ya jua, na anayeiondoa anabaki bila mwavuli. Akaniambia pia kuwa zebaki hupenya kwenye ngozi ikaingia mwilini na kuharibu figo. Sikwenda kuwahubiria. Niliyaweka moyoni, yakanipa mahali pa kusimama.

Kilichonisaidia zaidi ni hina. Mama mdogo ni mchoraji wa maharusi, alinifundisha kushika koni tangu nikiwa darasa la sita, na Idi ikikaribia wenzangu wote walikuwa wanakuja kwetu kuchorwa. Hina haichorwi kwa kundi. Anakaa mmoja, anaweka kiganja chake mapajani kwako, na kwa muda wote unaochora kuanzia kifundo cha mkono kwenda kwenye ncha za vidole, hawezi kuinuka wala kushika simu. Ni nyinyi wawili tu.

Hapo ndipo nilipoiona mikono yao kwa karibu. Mgongo wa mkono umekuwa mweupe, mishipa imejitokeza, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, vyeusi kuliko hata vilivyokuwa mwanzo. Sikusema chochote cha kukejeli. Niliuliza tu, "Na hapa je, dawa haishiki?" Na kila mmoja, kwa wakati wake, alianza kusema. Mmoja alisema ngozi yake imekuwa nyepesi, akijikwaruza kidogo kidonda hakiponi haraka. Mwingine alisema, "Mimi naogopa, shosti, lakini nikiacha peke yangu nitaonekana nimefulia." Wa tatu akasema maneno karibu na hayo hayo, hajui kwamba mwenzake keshayasema.

Kumbe kila mmoja alikuwa anawaogopa wengine wote, na hao wengine wote walikuwa wanamwogopa yeye. Lile kundi nililolihofia, ukilichambua mtu mmoja mmoja, lilikuwa limejaa wasichana waliotaka kutoka.

Aliyethubutu wa kwanza ni rafiki yangu ambaye mama yake anafanya biashara ya dagaa Kibirizi. Siku za mapumziko anamsaidia kuanika. Mitumbwi ikirudi alfajiri, dagaa wanamwagwa kwenye chanja na unakaa hapo juani unawageuza. Uso wake haukuweza tena. Ulikuwa unamwasha kama umepakwa pilipili. Nilipokuwa namchora nikamweleza yale ya melanini, naye akanyamaza. Jumatatu yake, chini ya mwembe wa shuleni, mmoja alipoanza utani wake wa Mkaa, yeye akasema, "Mimi nimeacha. Na huyo muacheni, rangi yake inamtosha."

Sikuwa peke yangu tena, na utani ule haukuwahi kurudi na nguvu zake.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nikakutana na maelezo ya jambo hilo. Mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch kule Marekani alimkalisha mwanafunzi na watu waliopangwa kujibu makosa kwa makusudi, swali likiwa jepesi kabisa: mstari upi unalingana na huu? Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata jibu la makosa walau mara moja. Alipoweka mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi, waliofuata kundi walipungua sana. Niliposoma nilimkumbuka rafiki yangu wa Kibirizi na chanja zake za dagaa.

Kwa hiyo sasa ninapofundisha, msichana akinijia analalamika kuhusu kundi lake, simwambii alikimbie. Namuuliza ni nani kati yao anayemwona hana raha, na ni shughuli gani wanaweza kuifanya wawili tu. Kusuka mkeka, kwenda kuteka maji, chochote kile.

Wenzangu waliacha mmoja baada ya mwingine, si wote. Na hili nalisema kwa anayesoma akiwa tayari anatumia: krimu nyingi za aina hiyo huwa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na ukizikata ghafla uso unaweza kuwaka, kuvimba na kutoa chunusi mbaya kuliko za mwanzo. Mmoja wetu yalimpata hayo akadhani ngozi inaidai dawa, akarudia. Alipokwenda hospitali na kopo lake mkononi ndipo daktari alipompangia namna ya kupunguza polepole. Nenda na kopo. Wasome kilichoandikwa, na kama hakuna kilichoandikwa, hiyo nayo wanahitaji kuijua.