Siku moja maishani mwangu: chumba chenye taa ya zambarau

Saa 10 na nusu alfajiri. Sifumbui macho kwanza, nasikiliza. Chumba cha pili kuna pipa la lita 100 la chai ya mboji, mbolea ya maji ya miche yangu, na pampu mbili za tangi la samaki zinalipulizia hewa usiku kucha. Nikisikia bwibwibwi najua umeme upo na chai inaendelea. Nikisikia kimya naruka kitandani kama niliyeumwa na nge. Leo ni bwibwibwi. Najiongezea dakika tano.

Mtaani naitwa Mama Miche. Naotesha miche ya nyanya, hoho na pilipili, pamoja na rehani, giligilani na mnanaa kwa ajili ya majiko ya mahoteli, na yote naiotesha ndani ya nyumba. Si kitalu nyumba. Ni vyumba viwili vya pagale letu, pembeni mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Iringa. Kitalu nyumba nilikuwa nacho. Upepo wa Agosti uliichana ile nailoni kipande kwa kipande nikabaki na miti imesimama kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Anayeijua Dodoma anaujua huo upepo: vumbi puani, vumbi kwenye ugali, na mche wa siku kumi umelala chini kabla ya adhuhuri. Basi nikahamia ndani, madirisha nikayaziba kwa mabati, nikafunga taa za LED za rangi ya zambarau nilizoagiza Kariakoo. Hapo ndipo maneno ya watu yalipoanza.

Saa 11. Nafunua pipa na kuinusa chai. Wenzangu wengine wananunua mbolea ya chumvichumvi na dawa ya kila mdudu; mimi nategemea udongo na hii chai ya mboji. Maji nayakinga jana yake na kuyaacha wazi siku nzima ili klorini iondoke, maana klorini inaua vijidudu na mimi navitafuta hivyo hivyo vijidudu. Kisha kilo tatu za mboji iliyoiva ndani ya kipande cha kanga kuukuu, nikiifunga kama kitumbua kikubwa. (Kuna aliyenishauri nitumie chandarua kilichochakaa. Chandarua kina dawa, jamani.) Juu yake kikombe kimoja na nusu cha molasesi (maji mazito matamu ya miwa), chakula cha vijidudu, halafu hewa kwa saa 24 hadi 36. Ikiiva inatoa povu la rangi ya maziwa ya chai na harufu ya ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza ya Desemba. Ikinuka yai viza, imekufa. Katikati hapo hakuna.

Leo inanuka mvua. Ina saa 26. Nimepanga kuimwagilia saa 5, kwa sababu ikishaiva na kuzimwa pampu ina saa chache tu za uhai, na saa 8 mteja wa Ihumwa anakuja kuchukua miche 600 ya nyanya.

Saa 12 kumwagilia trei, saa 1 kumwandaa mtoto aende shule, saa 2 kukagua lundo la mboji. Lundo langu ni samadi ya mbuzi, majani makavu na makapi ya zabibu ninayopewa msimu wa kukamua, maana hapa kwetu zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka na makapi hayana mwenyewe. Kipimajoto sina. Nachomeka nondo katikati ya lundo, nangoja, nachomoa, naishika. Nikiweza kuhesabu hadi kumi nikiwa nimeishika, lundo limepoa na linataka kugeuzwa. Leo nimefika nne nikaiachia. Vizuri.

Saa 3 na robo, hodi.

Ni mwenyekiti wa mtaa na mgambo wawili. Nikaamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, anaangalia mabati ya madirishani.

"Mama, tumepokea malalamiko. Usiku chumba chako kinawaka zambarau. Na kuna harufu."

"Harufu ya rehani, mwenyekiti."

"Sisi tumeambiwa ni bangi."

Akaitaja na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, yote, kwa jina lake refu, kama mtu aliyeikariri njiani. Nikamwambia naijua, karibuni ndani muangalie wenyewe. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimesahau mgagani.

Mlangoni nina ndoo tano za mgagani ninaoutunza kwa ajili ya mbegu. Wafanyakazi wa serikali waliohamia Dodoma wanauulizia sana, wanataka miche wapande nyuma ya nyumba za kupanga, na mbegu yake ikiwa mbichi ni kaidi kuota, lazima uiweke miezi kadhaa kwanza. Sasa angalia jani la mgagani kwa haraka, chini ya taa ya zambarau, ukiwa umetumwa kutafuta bangi: vidole vitano vimetoka sehemu moja, vimetanuka kama kiganja. Yule mgambo kijana alipiga hatua mbili tu.

"Mwenyekiti! Hii hapa!"

"Hiyo ni mgagani, mdogo wangu. Kwenu hamuuli?"

"Kwetu tunakula, mama. Lakini hatuulimi ndani kwenye taa."

Hapo alinipata. Mgagani unajiotea wenyewe zizini, ni nani mwenye akili zake anayeulipia umeme? Nikachuma jani nikaliweka kwenye mwanga wa mlangoni. Nikamwonesha ukingo: bangi ina meno ya msumeno pembeni mwa kila kidole, mgagani hauna meno ya namna hiyo. Nikamwonesha ua jeupe na nyuzi zake ndefu, na vitumba vyembamba kama kunde iliyokonda; bangi haina ua la hivyo. Akanitazama.

"Mama, mbona bangi unaijua vizuri hivyo?"

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa pale sikuusema. Chai ya mboji niliisoma YouTube, na huko wanaoifundisha kwa undani, wengi wao wanalima bangi chumbani. Mwalimu wangu mkubwa ni mzungu mmoja mwenye ndevu wa Kanada, kule walikoruhusu mwaka 2018. Anachanganya udongo wake mwenyewe, anafuga minyoo, anapika chai kwenye ndoo, anaongea na mimea kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwa bwana shamba yeyote. Nimejifunza kwake kila kitu isipokuwa zao lenyewe. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni na nilikuwa naomba isiite.

Nilidhani tumemaliza. Wakaingia chumba cha pili.

Jiweke kwenye macho ya yule mgambo. Pipa limefunikwa nusu. Linachemka bila moto. Povu juu, maji ya kahawia, pembeni kuna dumu la molasesi limefunguliwa, na mwenye nyumba ni mama aliyeziba madirisha.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "hii ni gongo."

"Ni chai," nikasema.

"Chai?"

"Chai ya mboji."

"Chai inayowekwa molasesi. Anakunywa nani?"

"Miche."

Nilijisikia nikilitamka nikajua ningekuwa mimi, ningejikamata. Nikaeleza. Gongo inataka hamira na kufungiwa isipate hewa, mimi naipuliza hewa usiku na mchana, ni vitu viwili vinavyokwenda njia tofauti. Nikaeleza habari za bakteria, za mizizi, za kinyausi, ugonjwa unaokata mche shingoni kama uzi. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akasema:

"Basi onja."

"Mzee, hiyo ni samadi ya mbuzi."

"Kwa hiyo umekataa kuonja. Andika hapo, amekataa kuonja."

Mgambo wa pili akatoa daftari. Yakaanza maelezo: jina kamili, kabila, umekaa mtaa huu tangu lini, hilo pipa ulilinunua wapi, nani ananunua kwako hayo majani, taa za nini kama jua lipo bure. Dodoma jua lipo bure, ni kweli. Upepo nao upo bure. Naye anaandika herufi kubwa moja moja, akikosea anafuta kwa kidole na mate. Tulikuwa katikati ya neno "rehani", ananiuliza ni r au l, ndipo nikasikia kimya.

Umeme umekatika.

Pampu zote mbili kimya. Povu likaanza kushuka pembeni kwa pembeni, linaacha mstari kwenye pipa. Ile chai imejaa viumbe wanaopumua, wengi kuliko hewa iliyobaki kwenye maji. Mambo mawili yalikuwa yanawezekana: kuikoroga kwa mti, au kuimwagilia saa ile ile. Nikainuka.

"Mama, usiguse kitu. Hicho ni kielelezo."

Kielelezo! Saa nzima na zaidi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikitazama kielelezo kikifa.

Aliyeniokoa ni bibi wa nyumba ya tatu, aliyekuja kuangalia kwa nini mgambo wapo. Enzi zake alipika gongo, mtaa mzima unajua na mwenyekiti anajua kuliko wote. Wakaamkiana kwa Kigogo, "mbukwenyi" za kutosha, akaombwa anuse. Akainama juu ya pipa, akachovya kidole, akakinusa mara mbili, akakifuta kwenye khanga.

"Hii hata ukinywa ndoo nzima hulewi. Ni mavi ya mbuzi."

Akageuka mlangoni, akanyofoa ncha ya mgagani wangu, akatafuna mbichi na kukunja midomo kwa uchungu wake.

"Na huu ungewekewa maziwa."

Mwenyekiti akacheka. Daftari likafungwa. Kabla hajaondoka akaomba fungu moja apeleke nyumbani kwa mama, na mimi kwa uoga uliobaki nikakata ndoo mbili nzima, pamoja na vitumba vilivyokuwa vimebakiza wiki moja vikauke. Mbegu za miezi mitatu hizo.

Muda uliofuata sikumbuki saa vizuri. Nilikoroga pipa mpaka mabega yakawaka, nikanusa: yai viza, kwa mbali lakini lipo. Wapo wanaosema ichanganye na maji mengi uitumie tu. Mimi simwagii mtoto wa wiki tatu kitu kinachonuka hivyo. Nikaichota ndoo kwa ndoo nikaimwaga kwenye lundo la mboji, safari kumi na moja, jua la utosini. Mteja wa Ihumwa akafika akiwa na haraka, akahesabu trei zake mara mbili, akakuta kona moja miche tisa imelala kwa kinyausi, akataka nipunguze elfu kumi. Mche mmoja ni shilingi 150, kwa hiyo tisa ni 1,350. Tukabishana juani. Nikampunguzia elfu tano, si kwa sababu ana haki, ila nilikuwa nimeishiwa na mate ya kubishana. Kula nimekula kiporo nimesimama. Mtoto karudi, anauliza kama ni kweli polisi walikuja, nani kakwambia, wote shuleni.

Jioni umeme ukarudi. Nikalisugua pipa kwa brashi na maji ya moto, nikaloweka mirija na mawe ya hewa, maana utelezi wa chai iliyokufa ukibaki unaiharibu inayofuata. Mume wangu kapiga simu kutoka barabarani, kashauri niweke pazia jeusi kuzuia ile taa isionekane. Nikamuuliza, pazia jeusi juu ya mabati, watu watasema nini?

Saa 3 usiku nikafunga kanga mpya ya mboji, nikapima molasesi, nikawasha pampu. Dumu la molasesi safari hii nimelisukuma chini ya kitanda. Alamu nimeiweka saa 8 usiku, nikachungulie kama povu limeanza.