Siku moja karakanani Dodoma: mpini wa upanga wa mwanga kutoka duka la vifaa vya ujenzi

Saa 1:00 asubuhi

Kazi inaanza mezani, mbele ya picha. Cha kutengeneza leo ni mpini wa upanga wa mwanga wa Luke Skywalker kama unavyoonekana kwenye filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Utaning'inizwa mkandani na utapigwa picha kwa karibu, kwa hiyo kufanana kwa mbali hakutoshi.

Mpini uliotumika kwenye filamu haukubuniwa kutoka sifuri. Ulikuwa mshikio wa taa ya kamera ya Graflex, ile iliyobeba betri tatu kubwa. Roger Christian, mpambaji wa seti, aliikuta mishikio hiyo kwenye duka la vifaa vya picha jijini London. Akabandika vipande vyeusi vya kushikia, akatia kipande cha lenzi kilichotoka kwenye kikokotoo cha Texas Instruments, na chini ukawekewa pete ya D (pete yenye umbo la herufi D, ya kuning'inizia). Mpini wa Obi-Wan, mhusika mwingine wa filamu hiyo, nao una kishikio cha bomba la maji la Armitage Shanks, kando ya kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent. Anayeingia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta sehemu za kitu hiki anafuata njia ileile waliyopita waliokitengeneza.

Kipimo kinachobeba vyote ni kipenyo cha silinda, karibu mm 38. Ukishakijua, picha yenyewe inakuwa rula. Fungua picha kwenye kompyuta na uhesabu upana wa silinda kwa pikseli. Zikiwa 190, basi kila milimita ni pikseli 5, na unaweza kusoma urefu wa klempu (ukanda wa chuma unaoubana mpini katikati), umbali wa kitufe, urefu wa vishikio. Tahadhari ni moja: picha iliyopigwa kwa karibu hukuza ncha iliyoelekea kamera. Pima upana wa silinda pale pale unapopima kile kitu, usichukue kipimo cha ncha moja ukakitumia kwenye ncha nyingine. Makosa mengi ya uwiano tunayoyaona kwenye mipini ya kuiga yanaanzia hapa, kabla hata msumeno haujashikwa.

Jambo la pili la kuamua mapema ni filamu ipi. Mpini wa 1977 una vishikio 7 vyeusi, na ule wa filamu ya 1980 una 6, tena klempu yake haina ile lenzi ya kikokotoo. Kuchanganya viwili hivyo ni kosa ambalo mpenzi wa filamu hizi analiona papo hapo.

Saa 3:00 asubuhi

Mtaa wa Majengo, maduka yakishafunguliwa. Kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, iko mfukoni, na sumaku ndogo pia.

Cha kwanza ni bomba la stainless (chuma kisichoshika kutu) la kutengenezea mikono ya ngazi, saizi ya inchi moja na nusu. Kipenyo chake cha nje ni mm 38.1, na hii ndiyo bahati kubwa ya kazi nzima. Usinunue bomba zima la mita 6. Mafundi wa mageti na ngazi huwa na mabaki ya sentimita 30 au 40 wasiyoyahitaji, na mpini huu unataka karibu sentimita 28 tu. Tafuta lenye ukuta wa mm 1.2. Zito zaidi ya hapo litavuta mkanda chini. Jaribu kwa sumaku: likinasa kwa nguvu, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'ao, na kitaota kutu pale utakapokata.

Wengi hukimbilia bomba la plastiki la mm 40 na rangi ya kopo ya fedha. Milimita mbili zinaonekana ndogo, lakini mkononi mpini unakuwa mnene, na vishikio vinaachana kuliko kwenye picha. Ile rangi ya kung'aa kama kioo nayo inafifia na kubaki kijivu kila inaposhikwa na vidole. Kwa kitu cha kushikwa siku nzima, haifai.

Vilivyobaki: mita moja ya mpira mweusi wa kubania vioo kutoka kwa fundi wa madirisha ya alumini, kifuniko cha ncha ya bomba hilohilo (cha bapa, siyo kile cha mviringo kama kofia), ukanda wa stainless wa upana wa mm 20 na unene wa mm 1, bolti ndogo ya M4 (ya kipenyo cha mm 4) na nati yake, swichi nyekundu ya kubonyeza kutoka duka la umeme, pete ya D kutoka kwa fundi viatu, gundi ya viatu, supaglu, na gundi ya epoksi isiyo na rangi. Msasa namba 120 na 400. Spiriti ya kusafishia.

Kwenye mpira usifanye haraka. Ule unaong'aa na kuteleza kwa kawaida ni PVC laini. Mafuta yanayoulainisha hutoka taratibu na kuiyeyusha gundi chini yake, na kishikio kinabanduka wiki chache baadaye hata kama ulibandika vizuri. Chagua ule usio na mng'ao, unaorudi haraka ukiukunja.

Saa 5:00 asubuhi

Kukata. Bomba linabanwa kwenye jiliwa likiwa na mti ndani: kipande cha mpini wa jembe kilichochongwa hadi kipenyo cha mm 35 hivi kinaingia sawasawa. Bila mti huo jiliwa inalibonyeza bomba, linakuwa yai, na kifuniko hakiingii tena.

Ili mkato uwe mnyoofu, zungushia karatasi ya ofisi kwenye bomba mpaka ukingo wake ukutane na wenyewe, kisha chora kwa kufuata ukingo huo. Tumia msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, maana wa meno 18 unadaka ukuta mwembamba na kurukaruka. Kata kidogo, geuza bomba, kata tena. Grinda inajaribu sana kwa sababu ya kasi, lakini joto lake linaacha alama ya njano na buluu kwenye stainless, na kuisugua alama hiyo ni kazi kuliko kukata kwa mkono. Maliza kwa tupa, ndani na nje, kisha msasa 400.

Usikate katikati. Mshikio wa asili ulikuwa sehemu mbili zinazokutana chini ya klempu, na klempu itaficha kama zako ni mbili au moja.

Halafu matundu, na hapa biti nyingi zinateketea. Stainless inakuwa ngumu zaidi biti inapoteleza juu yake bila kula. Piga alama kwa sindano ya chuma, tia tone la mafuta, weka keekee kwenye mwendo wa polepole na sukuma kwa uzito. Vumbi laini likitoka badala ya vinyoleo, simama: biti imeisha makali, na kuendelea kunalifanya tundu kuwa gumu zaidi. Anza na mm 3, kisha panua. Kwa swichi ya mm 12 tunafikia mm 10 kwa biti na kumalizia kwa tupa ya duara. Ukanda wa klempu nao toboa sasa, mm 4.5 kwa bolti ya M4, ungali umenyooka.

Umeme ukikatika katikati ya kutoboa, ruka kwenye klempu. Haihitaji waya wowote.

Saa 8:00 mchana

Klempu. Mzingo wa bomba pamoja na unene wa ukanda unafika karibu mm 123. Ongeza masikio mawili ya mm 15 na toa mwanya wa mm 3, unapata ukanda wa mm 150. Usiukunje juu ya bomba lenyewe. Stainless hurudi nyuma ukiiachia, kwa hiyo ukunje juu ya bomba la mm 32, nao utafunguka wenyewe kuja kukaa vizuri kwenye 38. Gonga kwa nyundo ya mpira, au weka kipande cha mti kati ya nyundo na ukanda.

Saa 9:00 alasiri

Vishikio. Mzingo wa mm 119.7 ukigawiwa kwa 7 ni mm 17.1 kati ya mstari na mstari. Pima kwenye karatasi, weka alama zote saba, kisha zungushia karatasi na uhamishie alama kwenye bomba. Ukipima moja baada ya nyingine kwa rula juu ya mviringo, makosa madogo yanajumlishana na pengo la mwisho linakuwa kubwa. Kata mpira vipande vya mm 80 kwa wembe mpya, ukipunguza mguu wa chini mpaka tako liwe bapa.

Kwaruza kwa msasa 120 pale tu kishikio kitakapokaa, pande zote mbili, chuma na mpira. Futa kwa spiriti. Gundi ya viatu inapakwa kote kuwili na kuachwa ikauke mpaka isinate kidoleni. Kopo linaweza kusema dakika 10 au 15, lakini kiangazi cha Dodoma, na upepo huu wa mchana, dakika 5 zinaweza kutosha, na ukizidisha haishiki kabisa. Funga dirisha pia, maana vumbi likitua juu ya gundi ni sawa na kubandika juu ya mchanga. Ikigusana haisogezwi tena, kwa hiyo anza na ncha moja kwenye alama na ulaze taratibu.

Gundi hii inalainika kwa joto, na mpini ukiachwa kwenye gari lililofungwa juani, vishikio vinateleza. Ndiyo maana kila ncha inapata tone la supaglu. Supaglu hukauka kwa unyevu wa hewa, na hapa hewa ni kavu, hivyo inakawia mpaka mtu adhani ni feki. Ipulizie pumzi ya mdomo, itashika.

Saa 11:00 jioni

Safu ya lenzi inayokaa kwenye klempu. Kata ukanda mwembamba wa plastiki angavu kutoka chupa, uubane ulale bapa, kisha dondosha epoksi kwa ncha ya kijiti cha meno, tone kando ya tone, kila tone likiwa lenzi moja. Ikiwa bado nyepesi inatambaa na matone yanaungana. Subiri ianze kuvuta uzi ndipo udondoshe, nayo itasimama duara yenyewe. Kwa joto la huku, epoksi ya dakika 5 inaacha dakika 2 au 3 za kufanyia kazi, basi changanya kidogo kidogo. Funika kwa beseni mara moja.

Inapokauka, bana pete ya D kwenye kifuniko kwa riveti, ingiza swichi, funga klempu bila kuikaza.

Saa 1:00 usiku

Ukaguzi chini ya taa, picha ya filamu pembeni. Tofauti moja itabaki: nikeli ya Graflex ina ujoto wa manjano kidogo, stainless ni nyeupe zaidi. Tunaiacha hivyo. Varnishi ya kuiga rangi hiyo haishiki vizuri kwenye stainless na inachubuka kwa mabaka, na mabaka yanaonekana kuliko ile tofauti.

Safu ya lenzi inabandikwa asubuhi, epoksi ikishakuwa ngumu kabisa, na klempu inakazwa baada ya hapo. Ikikazwa leo, ukanda utaipinda plastiki na matone yatabanduka.